UZI: Kodi ya miezi sita kwa mkupuo inavyowatawanya watoto wetu

Mwl_wa_Temeke
Wakuu salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Temeke. Kila tukifungua shule, Januari na Julai, kuna majina yanaitwa hayaitikii. Ukifuatilia unakuta mtoto haumwi na hajafiwa, mkataba wa chumba umeisha, mzazi hajapata ya miezi sita, familia imesambaa. Naomba tuliongelee hili kama suala la ulinzi wa mtoto maana kila tukisema ulinzi wa mtoto tunataja namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, tunataja dawati la jinsia na watoto kule polisi, tunataja kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na vyote hivyo vinaokoa watoto na mimi mwenyewe nimevitumia, ila nyumba hatuigusi kabisa, nyumba tumewaachia madalali.

Piga hesabu ya kawaida ya huku kwetu. Tuseme chumba na sebule elfu 80 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka sita, hiyo ni 480,000. Dalali anachukua mwezi mmoja, 560,000. Bado kirikuu ya kubeba vyombo. Sasa mzazi ni fundi rangi au mama anakaanga mihogo, hela yake inaingia kila siku kidogo kidogo, elfu 80 kila mwisho wa mwezi anaitoa na hachelewi, lakini laki tano na nusu siku moja anaitoa wapi? Anaenda kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Au anashindwa.

Akishindwa ndo hapo ninapotaka tupaangalie kwa makini, kwa sababu watu wanadhani familia inahamia nyumba ya bei ndogo basi yameisha. Hapana wakuu, kinachotokea kwanza ni watoto kugawanywa. Mkubwa anaenda kwa shangazi Mbagala, wa kati anapelekwa kwa bibi Korogwe, mdogo anabaki na mama yake kwa rafiki wa mama. "Tukipata chumba tutawachukua." Hicho chumba wakati mwingine kinakuja baada ya mwaka mzima, na mwaka mzima huo mtoto yuko kwenye nyumba ya watu, analala sebuleni, anaamka wa kwanza kuchota maji, na likimpata la kumpata hana wa kumwambia kwa sababu anajua yuko pale kwa hisani.

Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 8 imemuwekea mzazi wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Sawa kabisa. Lakini malazi ya mtoto wa mpangaji yako mikononi mwa mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu hakuna sheria maalum ya kudhibiti kodi inayombana, ile ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005 na hatukuwekewa nyingine ya kumlinda mpangaji wa chini. Waziri Lukuvi alipokuwa ardhi aliwahi kusema hadharani kuwa serikali inataka kuzuia watu kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Tukafurahi. Mpaka leo dalali anakwambia sita ndo utaratibu.

Ninachosema mimi ni hiki: kodi ilipwe kwa mwezi, ikizidi sana mitatu. Notisi isipungue miezi mitatu. Na nyumba yenye mwanafunzi, mtu asitolewe katikati ya muhula. Karibuni.

kibarua_wa_Buguruni
Mwalimu umesema ukweli mtupu. Mdogo wangu amehama shule mpaka tukachanganya ripoti zake, akifika sehemu wanamuuliza umeishia wapi kwenye hesabu hajui, wenzake wako kwenye hesabu za sehemu yeye bado anazidisha. Sasa hivi anasema shule haipendi na ana akili yule mtoto nakuapia.

Mzee_Kivule
Mimi ni mwenye nyumba na nitasema upande wetu bila kificho. Nimejenga vyumba vyangu kwa pensheni, sina hela nyingine. Nachukua miezi sita kwa sababu nimewahi kuchukua kwa mwezi, mpangaji akalipa miezi miwili halafu akakaa bure karibu nusu mwaka, nikienda kudai anasema ana watoto. Nikaenda serikali ya mtaa, tukaandikishana, hakulipa. Baraza la Kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, hawaamui, mkishindwana wanakuandikia unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na kule foleni yake unaijua. Wakati huo kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu ya umeme tangu 2021, dawasa wanadai ya maji, choo kimejaa. Sasa mwalimu ukiniambia nichukue kwa mwezi halafu nisimtoe mtu katikati ya muhula, unaniambia niwasomeshe watoto wa watu kwa nyumba yangu.

Na hiyo sheria ya 1984 mnayoililia msisahau ilivyokuwa, mtu anakaa kwenye nyumba yako kwa kodi ya zamani na humtoi. Watu waliacha kukarabati.

MamaPendo
Mzee Kivule shikamoo. Nakuelewa kuhusu wasiolipa, wapo na wanatuharibia. Ila mimi nalipa. Sijawahi kudaiwa mwezi hata mmoja maisha yangu yote na bado kila baada ya miezi sita nalala macho wazi kama mwizi anakuja, kwa sababu mwenye nyumba akiamka akasema chumba kimepanda sina pa kusemea. Mume wangu anasafiri, niko peke yangu na watoto watatu. Tulipotoka Mburahati kwenda Chanika mwanangu wa kwanza nilimwacha shule ile ile kwa sababu walimu walikuwa wanamjua na ana shida ya kusikia sikio moja, kule wanajua akae dawati la mbele. Basi akawa anaamka saa kumi alfajiri. Darasa la tano. Yuko kituoni gizani, makonda hawataki wanafunzi, anabebwa na bodaboda asiyemjua kwa sababu anaogopa fimbo ya kuchelewa. Nilikuwa nakaa na simu mkononi mpaka saa mbili. Nani atanirudishia hayo?

Ukimhamisha unampoteza kwa walimu wanaomjua, ukimwacha anatembea gizani. Hakuna chaguo zuri hapo na chanzo chake chote ni mkataba wa chumba.

ustawi_kata
Nimefanya kazi ustawi wa jamii ngazi ya kata, nachangia kwa nilichokiona kazini bila kutaja mtu.

Kwanza takwimu moja ambayo kila mzazi angepaswa kuijua. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, ripoti ikatoka 2011, waliwahoji vijana wa miaka 13 mpaka 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana mmoja kati ya saba hivi. Na majirani walitajwa sana. Kwa hiyo tusije tukasema hapa kuwa majirani ni ulinzi basi, jirani anaweza kuwa ndiye hatari yenyewe.

Tofauti inakuja kwenye kujuana. Mama aliyekaa mtaa mmoja miaka mitano anajua yule kijana wa kibanda cha chipsi mtoto asitumwe kwake, anajua mama fulani ndiye wa kumwachia mtoto akiwa amekwenda sokoni, anajua mjumbe anayesikiliza na anayepokea chochote. Mama aliyehamia mwezi uliopita hajui lolote, na hao wenye nia mbaya wanawatambua wageni haraka sana kuliko sisi.

Pili, na hili ndilo linaloniuma. Mtoto aliyeumizwa mara nyingi hasemi. Anabadilika. Aliyekuwa anacheka ananyamaza, aliyekuwa msafi anaacha kuoga, anaanza kukojoa kitandani tena, anakwepa mtu fulani. Sasa hayo mabadiliko atayaona nani kama hakuna mtu aliyemjua kabla? Mwalimu mpya ataandika "mtoto mkimya." Kesi nyingi nilizoziona zikifika kwetu mapema, aliyezileta alikuwa mtu aliyemzoea mtoto, mwalimu wake wa darasa, mwalimu wa madrasa, mama wa genge. Kila ukimhamisha mtoto unaondoa wote hao kwa mpigo na kuwapata wengine kunachukua muda mrefu.

Tatu, hata akiwa na chumba, kiko vipi? Bafu la uani halina komeo. Taa ya uani mwenye nyumba ameitoa kubana LUKU, choo kiko mwisho wa uwanja, wapangaji ni wengi na wageni wao. Baba, mama na watoto wanne chumba kimoja, pazia katikati, kijana akifika miaka 13 anaambiwa akalale geto kwa kina fulani. Tunapoandika sera ya nyumba tuandike na komeo la bafu na taa ya uani, ni vitu vya bei ndogo sana. Mzee Kivule hili halitakugharimu nusu mwaka wa kodi.

Mzee_Kivule
Marahaba MamaPendo. Na wewe wa ustawi hilo la komeo nimelichukua, kesho fundi anakuja. Ila la kutolipwa hamjanijibu.

Ilala_kwetu
Naongezea upande wa serikali yenyewe maana tunamsema mwenye nyumba wa Kivule peke yake. Chukueni Magomeni Kota. Kaya 644, wakatolewa kwenye 2011 na 2012 nyumba zikavunjwa ili zijengwe za kisasa. Eneo likakaa wazi miaka. Magufuli akaenda 2016 akaagiza yajengwe maghorofa, TBA, wakala wa majengo wa serikali, wakajenga, Rais Samia akayazindua Machi 2022 na wale wale wa zamani wakapewa kipaumbele kuingia. Kwa mwisho wake ni habari njema, watu wamerudi na nawapongeza waliosimamia.

Lakini hebu angalia kwa macho ya mtoto. Aliyeanza darasa la kwanza 2012, funguo zinakabidhiwa yuko kidato cha nne. Utoto wake wote wa shule umepita kwenye vyumba vya kupanga. Ahadi ya "mtarudi" kwa mtu mzima ni ahadi, anaweza kusubiri miaka kumi. Mtoto hana hiyo miaka kumi, ikiisha amekuwa mtu mzima na amejifunza mengine huko alikokuwa.

Na mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande wakaanza na mahema. Kuwatoa bondeni kulikuwa sahihi, watu walikufa pale, sina ubishi. Ila viwanja peke yake havikutosha, wengine wakarudi bondeni kwa sababu kazi na shule za watoto ziko mjini, halafu Desemba 2015 likaja tingatinga, wiki chache tu kabla shule hazijafunguliwa. Kama kila mpango wa kuhamisha watu ungeanza na swali la mtoto atasoma wapi Jumatatu, mambo mengi yangepangwa tofauti.

Otis_Eastlands
Nawasalimu kutoka Nairobi. Hiyo ya kulipa miezi sita sisi hatuna, huku ni kila mwezi, tarehe tano uwe umelipa, na dipoziti ya mwezi mmoja ukiingia. Kwa hivyo msidhani kulipa kwa mwezi kunamaliza kila kitu. Huku ukichelewa kidogo keateka anaweka kufuli juu ya kufuli yako. Mtoto anatoka shule na yunifomu anapata mlango umefungwa, vitabu viko ndani, anakaa kwa ngazi mpaka mamake atoke kazi usiku. Nimeona wengine wakitolewa mlango ama mabati ya juu. Sheria haimruhusu landilodi kufanya hivyo lakini nani atamshtaki? Kuna Sheria ya kudhibiti kodi, Cap 296, na tribunal yake, lakini inashughulikia nyumba za shilingi 2,500 kwenda chini na hicho kiwango ni cha zamani sana, Nairobi ya leo ni nyumba gani hiyo.

Kwa ubomoaji wa serikali tuko na sheria nzuri kwa karatasi. Katiba ya 2010 kifungu 43 iko na haki ya makao, kifungu 53 mtoto ako na haki ya makao pia. Mwaka wa 2016 Sheria ya Ardhi ikaongezwa vifungu, notisi ya miezi mitatu kwa maandishi na wakati wa kuwatoa watu lazima kuwe na mipango maalum ya kulinda watoto, akina mama, wazee na walemavu. Kisha Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kesi ya Mitu-Bell, wale watu wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa Wilson waliovunjiwa 2011 kwa notisi ya siku saba kwa gazeti. Waliitetea hiyo kesi karibu miaka kumi na walishinda mambo makubwa.

Halafu 2024 mafuriko yakaja na Mei hiyo tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru kando ya mto. Serikali ikasema kila nyumba ipewe shilingi elfu kumi za kuhama. Shule zilikuwa zimechelewa kufunguliwa kwa sababu ya mvua, zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Yaani siku zile zile mtoto anaambiwa rudi shule, nyumba haiko. Kwa hivyo ndugu zangu, mkidai sheria daini na mtu wa kuisimamia, mwenye namba ya simu inashikwa.

Bi_Columbus
Asanteni kwa uzi huu. Niko Ohio miaka mingi, kanisani kwetu tuna familia nyingi za Wakongo na Watanzania, huwa nawasindikiza kwenye mambo ya shule. Huku nyumba ni shida kweli, ukishindwa kodi mahakama inakutoa haraka na rekodi inakufuata, wenye nyumba wengine hawakupokei. Sisemi Marekani wamefanikiwa.

Ila kuna kitu kimoja wamekifanya ambacho naona kingewezekana hata kwetu. Sheria ya 1987 inaitwa McKinney-Vento, inasema mtoto aliyepoteza makazi ana haki ya kubaki kwenye shule yake ya mwanzo hata kama familia imehamia mbali, na wilaya ya elimu ndiyo inapanga usafiri wake. Na hata mtoto anayeishi kwa ndugu kwa sababu wazazi wamepoteza nyumba anahesabiwa humo humo. Yule wa mwalimu aliyepelekwa kwa shangazi Mbagala angekuwa ndani. Akiingia shule mpya anapokelewa siku hiyo hiyo, karatasi zitafuata. Kila wilaya kuna mtu mmoja mwenye kazi hiyo.

Na kuhusu watoto kugawanywa, serikali ya huku iliwahi kufanya utafiti mkubwa, Family Options Study, familia zaidi ya 2,000 zilizokuwa kwenye makazi ya dharura, maeneo 12, wakagawa kwa bahati nasibu nani apewe msaada gani. Waliopewa vocha ya muda mrefu ya kusaidiwa kodi, watoto kutenganishwa na wazazi kulipungua, kina mama kupigwa na wenza kulipungua, watoto kuhama shule kulipungua. Hawakupewa semina ya malezi wala mshauri wa pekee, walisaidiwa kodi. Niliposoma hapo nilikaa kimya muda.

Juma_wa_hesabu
Naheshimu hoja zote ila nina wasiwasi. Mkibana wenye nyumba kuhusu wanafunzi, siku ya pili dalali atauliza "una watoto?" na ukisema ndiyo chumba kimeshachukuliwa. Tayari wanauliza. Mimi na mke wangu tulikataliwa mara nyingi kwa sababu ya mapacha, eti watachafua ukuta. Sheria nzuri inaweza kuwafungia mlango wale wale mnaotaka kuwalinda.

Mwl_wa_Temeke
Juma hoja yako ni nzito. Ndiyo maana kodi ya mwezi iwe kwa wapangaji wote, ili mwenye nyumba asiwe na sababu ya kumchagua asiye na mtoto. La muhula liwe kwa baraza: mtu anaposhitakiwa kwa kodi, baraza likiona kuna mwanafunzi litoe amri ya kutoka ianze likizo. Tofauti ni wiki kadhaa tu, na wiki hizo deni linaendelea kuhesabiwa. Na hilo swali la "una watoto wangapi" lipigwe marufuku kwa madalali, wasajiliwe, akiuliza anafungiwa.

Mzee wangu Kivule, nakujibu sasa kwa heshima. Uko sahihi kuwa huwezi kubeba mtu nusu mwaka. Kinachokufanya uchukue sita mbele ni kwamba ukidhulumiwa huna pa kwenda haraka. Tukikupa sehemu inayoamua kesi ya kodi ndani ya wiki chache, na mfuko mdogo wa halmashauri wa kumkopesha mpangaji mwenye historia nzuri ya kulipa akikwama mwezi mmoja au miwili, hela ikaja kwako moja kwa moja, utakuwa bado unahitaji miezi sita? Halmashauri tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kukopesha si kitu kipya kwao. Mama anakopeshwa mtaji wa duka huku watoto wake wako kwa watu, mtaji utasimama vipi?

Mzee_Kivule
Ukinipa baraza linaloamua upesi na hiyo hela inayokuja kwangu, nachukua kwa mwezi. Naandika hapa na wenzangu wa Kivule wananijua.

mama_wa_Zai
Samahanini naingilia. Nimesoma wote na nalia. Binti yangu yuko la saba, mtihani Septemba. Mkataba wangu unaisha mwezi wa nane na mama mwenye nyumba ameshasema anataka chumba, anamleta mwanae. Nadaiwa sifuri. Ndugu yangu wa Morogoro anasema nimpeleke kwake. Nifanyeje?

ustawi_kata
Pole sana mama Zai. Usimpeleke Morogoro sasa hivi. Ameshasajiliwa mtihani kwenye shule yake, kumhamisha la saba karibu na mtihani ni kumtafutia matatizo. Anza na mwenye nyumba, nenda na mjumbe, usiende peke yako na usiende kwa hasira. Omba kulipia kwa mwezi, wa nane na wa tisa tu, mkubaliane tarehe ya kutoka baada ya mtihani na muandikishane serikali ya mtaa. Wenye nyumba wengi wakiona tarehe ya mwisho iko kwenye karatasi wanalegea. Akikataa, fungua shauri Baraza la Kata waanze kusuluhisha, usingoje mpaka vyombo viko nje. Na fika ofisi ya ustawi wa kata yako ukiwa na jina la shule na namba ya mtihani ya binti. Ikibidi alale sehemu nyingine wiki hizo, chagua karibu na shule, kwa mtu unayemjua miaka mingi, na muulize Zai mwenyewe kama ana amani kwa huyo mtu. Akisita usimlazimishe kueleza, tafuta kwingine.

Mwl_wa_Temeke
Mama Zai, nenda pia kwa mwalimu mkuu kesho asubuhi, omba barua inayoonyesha kuwa ni mtahiniwa wa mwaka huu na tarehe za mtihani. Mwenye nyumba akiiona na mjumbe akiiona maongezi yanakuwa mengine. Jioni nikitoka kazini naweka hapa mfano wa hiyo barua na mfano wa makubaliano ya miezi miwili, na mwingine mwenye shida kama hii auchukue, abadilishe jina la shule na tarehe tu.